Mama Ngata Asife Ukurasa wa Tatu

Ndeshi mwanangu,

Barua hii nimeiweka juu ya viatu vyako ili uikute kabla hujavivaa. Kaa kitandani uisome yote. Nitakuamsha mapema makusudi, basi halitakuacha.

Mambo ya chakula, ya kufua, ya kutomfungulia mlango mtu usiyemjua, shangazi yako ameshakuimbia wiki nzima, mimi siongezi hata ubeti mmoja. Nina neno moja tu, nalo limegoma kutoka mdomoni tangu Jumanne. Kila nikitaka kulisema najisikia nasema, "Umekula?" Umekula sana wiki hii, maskini, kwa ajili ya woga wangu.

Neno lenyewe ni hili. Unakwenda Dar es Salaam ukijua kwamba wale watu wa jarida la katuni wamemchukua Mama Ngata kama ulivyomchora. Sivyo. Walituma masharti yao, na aliyeyakubali ni mimi. Niliwajibu kwa jina lako, halafu nikaja nyumbani nikakuambia, "Wamekubali, uende." Ukanirukia shingoni. Nikakuacha unirukie.

Jumanne ile simu yako ilikuwa kwa fundi na wewe ulikuwa umepanda kwa Bibi kumsalimia, ukawa umewapa namba yangu. Mimi niko sokoni Bomang'ombe na mikungu yangu minne, simu ikalia. Ujumbe mrefu kama orodha ya kamati ya harusi. Unaanza, "Hongera sana dada Ndeshi, tumempenda mno Mama Ngata!" kisha maua matatu, kisha moyo mwekundu. Mtu akikuanza na maua matatu, mwanangu, shika pochi yako.

Chini ya maua wakaandika: "Ila kuna marekebisho madogo." Madogo! Ngata ya kubebea mzigo itoke kichwani, kwa sababu eti inaonyesha unyonge wa mwanamke, avae mkanda unaong'aa. Kiuno kipunguzwe, na kile kilichopunguzwa kihamishiwe kwingine, wewe unajua ni wapi. Asipige tena ule ukelele wake wa "Nitwikeni!" kwa kuwa shujaa haombi, aseme "Haki itashinda!" Na mwisho kabisa, kama mtu anayekukumbusha kuzima taa, wakasema Mama Ngata afe ukurasa wa tatu, ili mtoto wake wa kiume apate hasira ya kuwa shujaa.

Mtoto wa kiume yupi? Mama Ngata ana binti mmoja. Wao wamemzalisha mtoto ambaye wewe hukumchora, kisha wakamuua mama ili huyo mtoto apate ajira. Na wanaofikiri hivi ni watu waliosoma, wana meza, wana feni inayozunguka juu ya vichwa vyao. Feni inapuliza hewa tu humo.

Mama Joyce wa nyanya akanisogelea. "Ni wale wa Dar?"

"Ndio wao."

"Wanasemaje?"

"Wanataka kubadilisha kidogo. Na wanataka jibu leo kabla ya saa kumi na moja."

"Sasa unangoja nini wewe? Nafasi ni kama dalali, Mama Ndeshi. Ukimwambia subiri, anakwenda kwa jirani."

"Wanataka afe."

"Nani afe?"

"Mama Ngata."

"Yule wa karatasi?" Alicheka mpaka akazikumbatia nyanya zake zisiporomoke. "Wa karatasi hafi, mama! Jibu, mtoto aende."

Nikaandika: "Nakubali yote. Asanteni sana. Ndeshi." Nilipobonyeza kutuma, mkono haukutetemeka. Hilo ndilo linaloniuma. Mkono ulikuwa umeshazoea. Ngoja nikuambie ulizoea wapi, kwa sababu hadithi hii nimekusimulia nusu tu, ile nusu inayochekesha.

Unajua kwamba nilifagia ofisi ya kijarida cha katuni pale Moshi mjini. Nilikuwa na miaka kumi na minane, elimu yangu ya darasa la saba, chumba cha kupanga Rau, na mimba yako ya miezi minne. Baba yako alikuwa ameshakwenda Mererani kutafuta mawe ya thamani, na habari zake tangu hapo unazijua kama ninavyozijua mimi, yaani hakuna. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kuosha vikombe na kupika chai ya watu wawili. Mmoja alikuwa mchoraji, Kaka Gasper, kijana mpole mwenye wino mpaka masikioni. Wa pili alikuwa mhariri. Usoni tulimwita Bosi. Akigeuka tulimwita Bwana Raba, kwa sababu alikuwa na raba moja kubwa ya kufutia, ameitoboa na kuipitisha uzi, inaning'inia shingoni kama filimbi ya refa. Maishani mwake mtu yule hakuwahi kuchora hata kuku. Lakini kufuta! Kwa kufuta alikuwa bingwa wa mkoa.

Siku moja Kaka Gasper amekaa mbele ya karatasi nyeupe tangu asubuhi, chai imepoa. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Natafuta shujaa," akasema. "Bosi anataka shujaa wetu wenyewe, mwenye nguvu za ajabu. Kila nikichora naona nimeshamwona mahali. Hivi wewe, shujaa akitokea huku kwetu mlimani, anafanya nini?"

"Anabeba," nikasema.

"Anabeba nini?"

"Chochote. Kaka Gasper, wewe hujaona mama ameshuka Machame na mkungu kichwani, ndoo mkononi, mtoto mgongoni, na bado anasimama kuuliza watu habari za nyumbani? Huyo ukimpa nguvu kidogo tu ya kuzidi, si anabeba lori?"

Akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyekuwa mchoraji. Akaanza kuchora. Mimi nasema, yeye anachora, chai ya pili nayo ikapoa. Tukamwita Manka wa Ngata. Nguvu zake zilikuwa kwenye ngata yake ya majani makavu ya mgomba. Akiikalisha tu kichwani, hakuna mzigo duniani unaomshinda. Kwenye ukurasa wa kwanza mvua imebomoa daraja, watoto wa shule wamekwama ng'ambo, na Manka amesimama mtoni maji kifuani, daraja zima kichwani, watoto wanapita juu yake na mabegi yao, na mmoja anainama kumwambia shikamoo. Nilicheka peke yangu mpaka ukanipiga teke. Lilikuwa teke lako la kwanza, sikudanganyi.

Bwana Raba akaingia. Akaishika karatasi kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika nepi.

"Hiki kichwani ni nini? Chapati?"

"Ngata, Bosi," nikasema.

"Toa. Shujaa si mchukuzi."

Raba ikashuka kutoka shingoni. Fyu, fyu, fyu. Akaupuliza uchafu wake ukaangukia kwenye sakafu niliyokuwa nimetoka kuifagia. Kaka Gasper akanitazama. Alikuwa ananingoja mimi niseme, maana Manka alikuwa wangu. Na mimi nikasema, "Sawa, Bosi."

Sikiliza jinsi ilivyokwenda baada ya hapo. Wiki iliyofuata akasema Manka ni jina la bango la duka la mangi, shujaa aitwe Malkia Radi. Sawa, Bosi. Halafu akasema nywele ziwe ndefu, zipepee. Sawa. Halafu buti ndefu za kisigino. Kisigino, Ndeshi, kwenye udongo wetu huu! Mtu akivaa buti zile akaingia kihambani, chini ya migomba, msimu wa masika, tutamtoa kwa jembe. Nikasema sawa. Kila kitu alichofuta kilikuwa kidogo, na mimi kila mara nilijiambia, hiki kidogo, aliyesoma ni yeye, yeye anajua wasomaji wanataka nini.

Wasomaji wanataka. Ndiyo ilikuwa sala yake asubuhi na jioni. Mimi nilifanya kazi pale miezi mingi na sikumwona msomaji hata mmoja amepanda ngazi zile kuja kutaka kitu. Wasomaji wake waliishi ndani ya kichwa chake mwenyewe, wote wanaume, wote wana kitambi kama chake, wote wanataka anachotaka yeye. Akishindwa kueleza sababu ya jambo, aliwatuma wao.

Kisha akaagiza achorwe na Kapteni. Kapteni alikuwa na kifua kama mlango wa benki na hakuwa na kazi yoyote, basi ikabidi Malkia Radi ampatie kazi. Yule aliyesimamisha daraja kichwani sasa anateleza, anatumbukia kwenye shimo lisilomfika kiunoni, anapiga kelele, "Niokoe!" Kapteni anakuja anamtoa. Toleo linalofuata anatekwa, Kapteni anakuja. Toleo linalofuata ameketi ofisini kwa Kapteni anapokea simu. Na toleo la mwisho nililoona, anamletea Kapteni chai. Chai, mwanangu! Yule bwana alikuwa ananitazama mimi nikiingia na sinia kila siku, na katika akili yake yote akaona hapo ndipo mwanamke anapokomea.

Mwezi uliofuata hakuwemo kabisa. Nikaenda kumuuliza.

"Bosi, Malkia Radi yuko wapi?"

"Amesafiri."

"Amesafiri wapi?"

"Binti, vikombe vimeisha huko."

Hata kufa hakumpa. Walau hawa wako wa Dar wanatoa ukurasa wa tatu.

Kaka Gasper alinisindikiza hadi njia ya Rau siku hiyo. Akasema, "Unajua tulimpoteza lini? Siyo leo. Ile siku ya chapati." Nikamjibu vibaya, nikamwambia kama alijua, mbona hakusema yeye? Akageuka kurudi mjini. Alikuwa na haki. Siku ile aliniuliza mimi kwa macho, na mimi nikampa jibu kwa mdomo.

Kijarida kile hakikumaliza mwaka. Kapteni nilikuja kumkuta sokoni, wewe uko mgongoni, amekuwa karatasi ya kufungia dagaa. Nikamfungua pale pale, nikamkunja vizuri, nikamtumia kuwashia moto. Aliwaka kwa shida. Hata kuwaka alikuwa hawezi.

Basi nikarudi huku kwa Bibi yako na wewe, na ulipoanza kuelewa maneno nikakusimulia Manka kama alivyokuwa kabla ya raba. Wewe ndiye uliyembadilisha jina. Ulisema Manka ni msichana, na huyu anabeba kama mama, basi ni Mama Ngata. Nikaona ni kweli. Nilikuwa nimekua kumbe.

Unakumbuka siku ya swali la Bibi? Ulikuwa na miaka saba. Tumekaa jikoni tunamenya ndizi za mtori, wewe unamwonyesha Bibi daftari lako, Mama Ngata amebeba basi zima la abiria. Bibi ambaye hajui kusoma akalitazama kwa muda, kisu mkononi.

"Huyu wenu, nani anamtwika?"

"Anajitwika mwenyewe, Bibi. Ana nguvu!"

"Aka! Mzigo wa maana mtu hajitwiki. Hata mimi nilipokuwa na shingo nilisimama njiani nikangoja mtu apite."

Akaendelea kumenya. Hakugusa penseli, hakusema toa hiki weka kile, wala hakumtaja msomaji yeyote. Wewe ulinuna mpaka mtori ukaiva. Kesho yake ukaja na kurasa mpya. Mama Ngata amesimama mbele ya mzigo, ngata iko kichwani, na anapiga ukelele: "Nitwikeni!" Na lazima atokee mtu wa kawaida amsaidie kuunyanyua. Mara mlevi, mara mwizi aliyeuiba mzigo wenyewe, mara mwenyekiti wa kijiji anayeona haya kushika kitu kwa mikono. Asipotokea mtu, mzigo haunyanyuki, na nguvu zote zile zinasimama bure. Hapo ndipo alipokuwa Mama Ngata kamili. Katuni zote nilizofagia chini ya meza za Moshi hazikuwahi kuwa na kitu kama kile.

Nimekukumbusha hili kwa sababu moyo wangu umejaa dharau na sitaki uibebe yote ukaenda nayo. Wapo watakaogusa kazi yako kama Bibi. Utawajua, maana wakishakuuliza swali lao, unakwenda nyumbani umekasirika na unachora vizuri zaidi. Akina Raba wakishapita, unakwenda nyumbani umesifiwa na mkono umekufa.

Na mimi je, niko kundi gani? Laiti ningeweza kusema la Bibi. Ulipokuwa na miaka kumi na mitatu, shule yenu ikataka kazi za mikono za kuonyesha wazazi. Ukamchora Mama Ngata mkubwa, karatasi nne zimeunganishwa, peku, miguu imepasuka nyufa, kila ufa umeuchora kwa penseli iliyochongwa. Nikakuambia, "Mfute hizo nyufa, watu watatuonaje?" Nilijua ile miguu ni ya nani. Ukafuta. Ulifuta kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka kisiginoni, ukabandika kipande kwa nyuma, ukamvalisha viatu. Kwa mwaka mzima Mama Ngata akavaa viatu vya kanisani mtoni. Siku moja nikafungua daftari nikakuta nyufa zimerudi, zimezidi hata. Nilikwenda kupaka mafuta miguu yangu nikalia. Uliniona, ukasema moshi umezidi jikoni. Hapakuwa na moto.

Kwa hiyo ile Jumanne ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza nilikufutia miguu. Mara ya pili nikakubali auawe.

Utaniuliza kwa nini, na una haki. Niliogopa. Niliona ukisema hapana wataufunga mlango, utarudi kukaa nami na mikungu minne, na mikono hiyo itachakaa kwa kukata ndizi. Miaka yote nimewacheka watu wa raba, nimewasimulia kwa kejeli mpaka majirani wanaijua sauti ya Bwana Raba, "Hiki ni nini, chapati?" Halafu waliponibishia hodi kwa maua matatu nikasimama wima kama yule binti wa chai. Sawa, Bosi. Nilitaka uende, mwanangu. Nilitaka uende kiasi cha kukubali nife ukurasa wa tatu.

Ila Bwana Raba nisimsingizie. Yeye alimfuta shujaa wangu, lakini hata siku moja hakuandika jina langu chini ya maneno yake. Hilo nimemzidi.

Sasa sikiliza palipobaki. Hujasaini kitu. Wameandika wazi kwamba karatasi ya mkataba utaisoma na kuisaini ukifika. Kile nilichobonyeza sokoni ni maneno ya mama mwenye woga. Saini yako bado iko mkononi mwako. Unaweza kuingia kwenye ofisi ile, chini ya feni ile, ukasema, "Aliyejibu siku ile hakuwa mimi." Wakicheka, wacheke. Wakisema wasomaji wanataka, waulize msomaji gani, anaitwa nani, anakaa mtaa gani. Nakuahidi watatazamana.

Juzi nilishika simu nikaanza kuwaandikia mimi mwenyewe. Nilikuwa na maneno makali, Ndeshi, yangewachoma hata kope. Nikafika katikati, nikajiona. Niliandika ndiyo isiyokuwa yangu, na sasa naandika hapana isiyokuwa yangu. Mkono ni ule ule. Nikafuta. Mara moja hii raba ilifanya kazi ya maana.

Pengine utaona mkanda unaong'aa si mbaya. Pengine utawaachia kiuno ubaki na ngata, au utawaachia vyote upate kwanza pa kusimama, uje umfufue baadaye ukiwa na meza yako. Watu wamefanya hivyo. Sitakudharau, dharau yangu yote ina wenyewe. Kitu kimoja tu nimekiona kwa macho yangu: siku ya chapati ndipo walipopima shingo yangu. Baada ya hapo hawakuwa na haja ya kuniuliza tena.

Jioni ulipokuwa kwa shangazi yako nilitoka hadi mpakani, kwenye masale aliyopanda Babu, nikitaka nichume jani moja nikuwekee humu ndani. Unaijua desturi yetu. Anayeletewa jani la isale hana pa kukimbilia. Hata aliyeumizwa vibaya, akiletewa jani lile anasamehe, amependa asipende, ndivyo tulivyolelewa. Nililishika jani, zuri, refu, halina doa. Nikaliachia. Nimeshakujibia ndiyo moja bila wewe kuwapo, sitakutolea na ya pili kwa jani.

Lipo pale pale, kushoto kwa njia, kwenye isale la tatu ukihesabu kutoka mferejini. Utalipita ukienda kupanda basi. Ukitaka utalichuma mwenyewe. Usipotaka, pita tu, mimi nitakuwa nyuma yako na sitauliza.

Begi lako kubwa nimelitoa nje. Ni zito, shangazi yako ametia unga kana kwamba Dar hawali. Nimekusukia ngata mpya, iko juu ya begi. Sitakubebea. Nitasimama hapo mlangoni ningoje, na ukiniambia nikutwike, nitakutwika.

Simu yangu iko mezani. Ujumbe wao wote upo, sijafuta hata ua moja, na jibu langu lipo chini yake. Nimeichaji mpaka imejaa. Nimekununulia na vocha.

Mimi niliyekujibia bila kutumwa,
Mama yako